Mbuzi Hii, Mbuzi Huyu

Ghorofa ya tatu, Sheffield,
karakana ya visu iliyogeuzwa ofisi,
mvua ya Machi inakwaruza kioo.
Bwana Ollerenshaw alinisogezea biskuti, akauliza
swali la mwisho la usaili:
"Javaskripti, kwa maoni yako,
ni lugha ya vitu kweli, au inajifanya?"

Nilijua jibu analolitaka.
Miaka thelathini ameandika kwa lugha zenye ramani:
kwanza ichore ngeli, ndipo ngeli izae kitu,
na kitu hakiwi ila kilichoandikiwa.
"Hilo neno ngeli wamelibandika juzi tu," akasema,
"sukari juu ya andazi.
Limege, ndani utakuta unga uleule."

Sikubisha. Hata jina ni la kuazima:
Java na Javaskripti,
kama mbuzi aliyefungwa uani
na mbuzi ya kukunia nazi.
Mmoja hutoa maziwa, nyingine hukufikisha kwenye tui,
na hakuna mpishi aliyewahi kuwachanganya.

Lakini mimi lugha yangu yenyewe ni ya ngeli.
Nimechapwa kwa ajili ya ngeli,
darasa la tano, Pangani,
Mwalimu Shekalaghe akiandika ubaoni:
kiti, kisu, kikapu, kipofu.
Tukaitikia kwa sauti moja: KI-VI!
Akalifuta la mwisho kwa kiganja.
"Kipofu kimeingia?
Nani kamsikia mama yake akisema hivyo?"
Kipofu ameingia. Kiboko amezama.
"Msitazame neno limevaa nini," akasema,
chaki imemjaa hadi kwenye nyusi,
"tazameni linaandamana na nani."

Haya yote sikumwambia Bwana Ollerenshaw.
Nilimwambia nusu:
kwamba kitu chaweza kukirithi kitu
pasipo ramani juu yao;
ukikiuliza jambo kisilolijua
hukigeukia kilichokitangulia,
nacho chake, nacho chake,
mpaka mwisho wa ukoo kusiko na kitu,
ndipo jibu huwa: hakuna.

(Nikifunga mzigo kwa kamba
vidole vyangu havijui.
Humuuliza mama, mama humuuliza bibi Mwanahamisi,
aliyekufa mwaka wa mafuriko,
na fundo hutoka kwake likiwa limekaza.)

"Na hiyo ndiyo hatari yake!"
Alipiga meza, chai ikaruka.
"Mtie babu kasoro usiku,
asubuhi ukoo mzima unachechemea!"
Kweli. Hilo nalo kweli.
Nimewahi kukesha siku mbili kwa sababu ya babu wa namna hiyo.

Ukutani kulikuwa na kisu cha mpini wa pembe
kimening'inizwa kwa uzi, na kikaratasi cha rangi ya mkojo.
Nikauliza kama kina mchoro wake mahali.
Akakishusha. Akakipindua.
Shangazi ya baba yake aling'arisha visu chumba hikihiki,
kichwa kafunga kitambaa, mikono imefungwa magazeti.
"Mchoro? Hapana," akasema polepole.
"Walikitazama hiki, wakafua kingine."

Tukanyamaza. Akarudisha kisu kwenye msumari,
akakosa, akajaribu tena.
"Hilo haliifanyi kuwa lugha nzuri."
"Sikusema nzuri," nikajibu.

Mapokezi walinipa fomu ya takwimu:
wewe ni nani, tia alama moja tu.
Babu mzaa baba wa Hadhramaut, bibi Mzigua,
pasipoti yangu ya buluu ya huku,
haijamaliza mwaka.
Nikayapita masanduku yote, moja moja,
hadi la mwisho kabisa:
Nyingineyo, eleza.
Mstari wa sentimita nne.